Berlin si Mji wa Kigeni kwa Mtu wa Ruvuma

Kijana wa Kigonsera akipata ufadhili wa masomo Ujerumani, siku yake ya kwanza mjini Berlin haina fumbo. Atapiga picha mbele ya Lango la Brandenburg, atatazama mabaki ya ukuta ulioanguka mwaka 1989, kisha atawatumia ndugu zake picha hizo. Si kosa. Hata hivyo, siku hiyo itakuwa na upungufu mkubwa, kwa kuwa mji ule umehifadhi sehemu ya historia yetu.

Aanzie mtaa wa Wilhelmstraße. Hapo, katika makazi ya Kansela Bismarck, mataifa ya Ulaya yalikutana kuanzia Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885 kuweka kanuni za kujitwalia Afrika. Mwafrika hakuwa na kiti mezani. Kesho yake, tarehe 27 Februari, Kaisari alitia saini hati ya kuyaweka chini ya ulinzi wake maeneo ambayo Carl Peters aliyapata kwa mikataba ya hila huku kwetu. Tarehe kama hiyo mwaka 1906, mashujaa zaidi ya 60 wa Vita vya Maji Maji walinyongwa Songea. Nduna Songea Mbano naye hakusazwa. Hadi leo ukoo wake unadai kichwa chake, kinachosadikiwa kupelekwa Ujerumani.

Kutoka hapo aende kwenye makumbusho ya maumbile ya Berlin. Ukumbini amesimama dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandarini, katika kusini iliyokuwa imetoka kuteketezwa kwa vita na njaa.

Amalizie kitongoji cha Wedding. Barabara iliyokuwa na jina la Peters iligawanywa mwaka 2024 na kupewa majina mapya. Kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Jina hilo halikuja kwa hisani. Wanaharakati wa Berlin, wakiwamo Waafrika waishio huko, walilipigania kwa miaka mingi.

Kibao cha mtaa ni heshima, lakini ni malipo mepesi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea akaomba radhi. Mwaka huohuo watafiti wa taasisi ya urithi ya Prussia walitangaza kuwa, kati ya mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki waliyoyachunguza, 202 yalitoka katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kuomba radhi.

Kwa hiyo Ujerumani iyarejeshe mabaki hayo kwa gharama yake. Serikali yetu nayo itangaze hadharani ratiba ya madai na jina la ofisi inayowajibika, ili koo zisiendelee kuhangaika peke yake. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnajua kuwa dai lisilo na jalada husahaulika.

Nanyi wanafunzi mnaotoka Mbinga na Nyasa, mabasi yenu hupita Songea kila muhula. Shukeni mwingie Makumbusho ya Maji Maji. Asiyejua alichoibiwa hawezi kukitambua akikutana nacho Berlin.