Urithi wa Mavuno, Si Urithi wa Udongo: Mustakabali wa Kijiji cha Ugusii

Msomaji wa riwaya ya Utubora Mkulima (1968) yake Shaaban Robert anamkumbuka Utubora anavyoipa kisogo kazi ya mjini akaenda kulima shambani. Ni rahisi kuisoma riwaya hiyo kama wito kwa vijana warejee mashambani. Wito huo ni mwema, lakini una sharti moja lisilotajwa: pawepo shamba la kurejea. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, sharti hilo linazidi kuwa gumu kila kizazi kinapopokezana na kingine.

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira. Hii ina maana ya watu zaidi ya 950 katika kila kilomita mraba ya Kisii na zaidi ya 670 katika Nyamira, na wengi wao si watu wa mji bali ni wakulima. Ardhi yenyewe ndiyo iliyowalea. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na udongo una rutuba. Kahawa iliingia katika miaka ya 1930, kisha pareto, na baada ya uhuru majani chai ya wakulima wadogo yakaenea chini ya mamlaka ya KTDA iliyoundwa mwaka 1964. Kwa kuwa shamba lilitoa chakula na fedha kwa pamoja, haikuwa rahisi kuona kwamba lilikuwa likipungua.

Lilipungua kwa njia ya haki. Mila ya Wagusii humpa kila mwana wa kiume fungu katika ardhi ya nyumba ya mama yake. Aghalabu shamba ni ukanda unaoanzia mgongoni mwa kilima na kushuka hadi mtoni, na hukatwa kwa urefu ili kila ndugu apate barabara juu na maji chini. Tuseme babu alikuwa na ekari 8 na wana wanne. Kila mmoja alipata ekari 2. Mmoja wao naye akazaa wana wanne, kila mmoja akapata nusu ekari. Mjukuu huyo akiwa na wana wawili, kila mmoja atarithi robo ekari. Hakuna aliyedhulumiwa katika hesabu hii, lakini wa mwisho amerithi ua, wala si shamba.

Katika robo ekari hiyo mna nyumba, choo, kaburi la babu, migomba michache, nyasi za nepia za ng'ombe mmoja na mistari kadhaa ya majani chai. Kilo anazopeleka mkulima huyu katika kituo cha kununulia majani ni chache mno hata bonasi ikiwa nzuri. Ikiwa mbaya, kama walivyolalamika wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa mwaka 2025, hana pa kushika. Kijana hununua pikipiki kwa mkopo au huabiri basi la Nairobi. Wanaobaki hugombania mpaka wa nusu hatua, na ndugu walionyonya ziwa moja hukutana mahakamani.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni sheria. Kweli, Ibara ya 68 ya Katiba ya 2010 inalitaka Bunge kuweka kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya mtu binafsi. Hata kabla ya hapo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 iliitaka bodi izingatie iwapo mgawanyo utapunguza uzalishaji wa shamba. Je, mgawanyo ulikoma? La. Familia zilikwepa ofisi, zikapanda mimea ya mpaka, na hati miliki ikabaki katika jina la babu aliyekwisha kufariki.

Si Ugusii pekee palipofikia hali hii. Kisiwa cha Java nchini Indonesia kina msongamano unaozidi hata ule wa Kisii, na wakulima wake wamekuwa wakigawana vishamba vya mpunga kwa vizazi. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1960 ilikusudia kila familia ya wakulima iwe na angalau hekta 2. Hadi sasa wakulima wengi wa Java hulima chini ya nusu hekta. Sheria inaweza kutaja kipimo, lakini haiwezi kuongeza udongo, wala haiwezi kukaa kikaoni badala ya ndugu wanaogawana.

Kwa hiyo neno la mwisho li katika kikao cha familia, na neno lenyewe ni hili: yagawanywe mavuno, usigawanywe udongo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu watu kadhaa kuandikishwa kuwa wamiliki wa shamba moja, kila mmoja akiwa na hisa yake, pasipo shamba kukatwa. Nyumba zijengwe pamoja upande mmoja. Majani chai, migomba na mifugo viwe chini ya usimamizi mmoja, na mapato yagawanywe kwa hisa. Mwenye kazi Nairobi asiye na haja ya kulima hatalazimika kukata kipande chake ili tu kithibitishe kwamba yeye ni wa pale.

Njia hii pia inalegeza fundo ambalo wazee wengi hulikwepa. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 haimbagui binti, na Katiba imelisisitiza hilo. Jibu la kawaida kijijini ni kwamba ardhi haiwatoshi hata wavulana. Palipo na hisa, jibu hilo halina mguu wa kusimamia, kwani hisa ya binti haimwondoi ndugu yake kitandani wala haihamishi mpaka wa yeyote.

Yapo mapingamizi mazito. Mgusii huzikwa kwake, na mwanamume asiye na kipande chake huonekana si mtu kamili. Tena, nani atashika fedha? Vyama vya ushirika vilivyofilisiwa na viongozi wao bado vinakumbukwa. Hofu hizi si za kupuuzwa. Lakini ni Wagusii hao hao waliokuwa na risaga, kikundi cha majirani waliolimiana kwa zamu, na leo wana vyama vya kuweka akiba vinavyosomewa hesabu mbele ya wanachama wote. Kinachokosekana si tabia ya kushirikiana, bali mkataba ulioandikwa unaoeleweka na kila mwenye hisa.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Sheria za ardhi zilizotajwa hapa ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali zinaamua hatima ya mama anayechuma majani chai Kebirigo au Nyamache. Kuziandika upya kwa Kiswahili chepesi, pamoja na mfano wa mkataba wa hisa za familia, ni kazi ya tafsiri inayostahili kufanywa. Utubora alihitaji moyo tu ili arudi shambani. Kijana wa Ugusii anao moyo huo, lakini atahitaji pia shamba ambalo ndugu zake wamekubali kutolikata.