Maniema Union: tusifukie shimo, tuweke miti

Tangu AS Maniema Union imalize ya mwisho kwenye kundi lake la Ligue des champions ya Afrika, msimu wa 2024-2025, neno ni moja tu ku machimbo: «Wafukuzwe wote, waletwe wengine.» Kasongo mjini, Salamabila, kila mahali penye redio, watu wanataka ekipe nzima ibadilishwe. Hasira hiyo tunaielewa. Ekipe hii njo inabeba jina la jimbo letu, na sisi wachimbaji tunaifuata hata siku tunazotoka shimoni mikono mitupu. Lakini dawa hiyo ni mbaya, na tunataka kusema kwa nini.

Tukumbuke kwanza kundi lenyewe. Maniema Union ilikutana na Mamelodi Sundowns ya Afrika ya Kusini, pamoja na Raja na AS FAR za Moroko. Ni ekipe zenye makuta, zenye viwanja, zenye shule za mpira. Mchezo wa kwanza, kule kule kwa Sundowns, vijana wetu walitoka 0-0. Na michezo iliyoitwa ya nyumbani haikuchezwa Kindu, ilichezwa Kinshasa. Ekipe ya namna hiyo ilikosa nguvu ya kufika mbele, hatukatai. Lakini haikuwa ekipe isiyo na kitu.

Mchimbaji anajua. Shimo likianza kumwaga udongo, PDG mwenye akili hafukuzi watu wote siku ile. Anashuka na tochi. Anaangalia mti gani umeoza, maji yanaingia wapi, nani amechoka, nani hakula. Mti uliooza anautoa, ule unaobeba anauacha. Ukitoa miti yote mara moja, shimo linaanguka juu ya wote, wazuri na wabaya.

Mfano tuko nao hapa hapa Congo. Mwaka 2009 TP Mazembe ilienda Kombe la Dunia la vilabu, Abu Dhabi. Ilipigwa 2-1 na Pohang ya Korea, kisha 3-2 na Auckland City ya New Zealand. Watu walicheka. Lakini komite haikuvunja ekipe. Kidiaba alibaki golini, Kaluyituka alibaki mbele. Mwaka 2010 Trésor Mputu, nyota wao mkubwa, alifungiwa na FIFA mwaka mzima, na bado Mazembe ilibeba tena kombe la Afrika. Iliporudi Abu Dhabi, iliipiga Internacional ya Brazil 2-0, ikafika fainali. Ilikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika pale. Inter Milan iliishinda 3-0, lakini dunia nzima ilijua Lubumbashi iko wapi. Uti wa mgongo ulibaki, mapengo njo yakajazwa.

Basi Maniema Union ijazwe namna gani? Sisi watu wa sendika tunaona mambo mawili.

La kwanza: mchezaji ni mfanyakazi. Anauza miguu yake sawasawa na sisi tunavyouza mikono yetu, na miaka yake ya kazi ni michache kuliko yetu. Apewe kontra iliyoandikwa, aielewe kabla ya kutia sahihi, alipwe kwa tarehe, na akivunjika mguu atunzwe. Sheria ya FIFA iko wazi: mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili, anaweza kuiandikia ekipe na kuipa siku 15. Isipolipa, anavunja kontra na kuondoka. Maana yake, ekipe yoyote isiyolipa vizuri itajengwa upya kila mwaka, ipende isipende, kwa sababu walio bora watakuwa wa kwanza kwenda. Kabla ya kuuliza tununue nani, tuulize nani tunaweza kumlipa hadi mwisho wa msimu.

La pili, na hili njo linatuuma zaidi: wachezaji wapya watafutwe pia kusini mwa jimbo. Kutoka Kindu mpaka Kasongo ni zaidi ya kilometa 200, na Kabambare iko mbele tena. Watatuambia barabara ni mbaya, usalama ni mdogo. Kweli. Lakini mnunuzi wa dhahabu anafika Salamabila kwa pikipiki, kiangazi na masika. Anafika kwa sababu anajua kuna kitu. Mtafuta wachezaji naye anaweza kufika, mara mbili tu kwa mwaka, akaangalia vijana wetu wanaocheza kila Yenga bila viatu.

Wengine watasema watoto wa kwetu hawajafikia kiwango cha Raja. Hakuna aliyesema watupwe uwanjani kesho. Wachukuliwe wawili au watatu kila msimu, wakae nyuma ya wakubwa, wafundishwe. Pale ambapo kwetu hakuna mtu kabisa, ekipe inunue nje. Lakini kununua kusiwe kazi ya kwanza.

Na hapa kuna jambo la makuta ambalo wazazi wengi hawaambiwi. FIFA imeamua kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei igawanywe kwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Tuseme kijana amecheza katika klabu ya Kasongo tangu miaka 12 hadi 17, kisha siku moja anauzwa Ulaya kwa dola 1.000.000. Sehemu ya klabu ile ya Kasongo ni asilimia 2, yaani dola 20.000. Ni nyavu, mipira, viatu, na mshahara wa kocha kwa miaka.

Lakini makuta hayo hayamfuati asiye na karatasi. Klabu iwe imeandikishwa kwa shirikisho, na mtoto awe na lisansi yenye jina lake, tarehe yake ya kweli na klabu yake. Sisi tunaujua wimbo huu. Gunia la kasiterite lisilo na etiketi linaitwa la mahali pengine, na sehemu ya mahali lilipotoka inapotea. Code minier ya 2018 inasema asilimia 15 ya redevance ya kampuni ya madini irudi kwa watu wa mahali panapochimbwa, lakini hata hapo anayepata ni mwenye kujua sheria na kuifuatilia. Leo kijana wa Kabambare anaondoka bila karatasi, anaandikwa mtoto wa mji mwingine, na akifanikiwa, kwetu tunabaki kumuona ku televisheni. Madini yametoka hivyo miaka mingi. Watoto wasitoke hivyo tena.

Kwa mama zetu kuna sababu nyingine. Sheria inakataza mtoto chini ya miaka 18 kuwa kazini ku machimbo, lakini wote tunajua nani anabeba mchanga na nani anauosha mtoni. Mtoto mwenye mazoezi kila jioni na kocha anayeuliza habari za shule, ni vigumu zaidi kumpoteza shimoni.

Kwa hiyo tunaomba komite ya Maniema Union itangaze siku za majaribio Kasongo na Kabambare kabla ya msimu kuanza. Ligue ya football ya jimbo isaidie vilabu vidogo kupata karatasi. Na sisi wenyewe tusingoje. Kila chimbo lenye ekipe ya Yenga lifungue daftari, liandike majina ya vijana na miaka yao, wazazi watie sahihi. PDG atoe mipira miwili. Siku mtu wa Kindu atakapofika na kuuliza tuko na nani, tumfungulie daftari.