Mashini ya zamani si takataka: watengenezaji wa waifai waache kuwafungia wenye kipato kidogo

LUBUMBASHI – Katika mtaa wa Kasungami, jamaa iliyokimbia vita hainunui kompyuta mpya. Inanunua ya okazioni. Kama waifai yake imekufa, inaongeza kle ndogo ya USB na kuwasha simu igawe intaneti. Hapo mtoto anatuma kazi ya masomo, na mzazi anazungumza na ndugu waliobaki kijijini. Lakini mara nyingi kle inachomekwa na mashini haiioni. Jibu la muuzaji: mashini imezeeka, tupeni.

Si kweli. Kinachokosekana ni draiva, yaani programu inayofanya kle na keneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, vielewane. Keneli mpya ya Linux inatoka kila baada ya wiki 9 au 10, na njia zake za ndani zinabadilika. Draiva iliyoandikwa kwa keneli ya leo haikubali ya zamani mpaka mtu aandike mistari ya kuziunganisha.

Makampuni yanasema kazi hiyo ni gharama, tena keneli ya zamani ina matundu ya usalama. Kuhusu matundu yana haki: anayeweza kusasisha, asasishe. Lakini kusasisha kunaomba megabaiti nyingi, na megabaiti zinaomba intaneti ileile inayotafutwa. Ni kumwambia mtu avuke mto akachukue mtumbwi wa kuvukia.

Kazi yenyewe inawezekana. Mradi wa Backports unachukua draiva za waifai za keneli mpya na kuzifanya zitumike kwenye za zamani. Kinachokosa ni mikono: mwaka 2023 watunzaji wa Linux walitangaza kupunguza utunzaji wa keneli za muda mrefu kutoka miaka 6 hadi 2. Wenye kuuza chipu kwa mamilioni wanashindwa kulipa mikono hiyo?

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ile ya betri za kompyuta, inachimbwa Kongo, na sehemu kubwa ni ya Katanga. Nchi hii isiambiwe itupe mashini kila miaka michache.

Makampuni yatoe draiva zao wazi ziingizwe ndani ya keneli, na yaandike kwenye kartoni keneli ya chini inayokubaliwa. Wauzaji wa Lubumbashi waruhusu kle ijaribiwe. Na mkaaji wa Kasungami aende dukani na mashini yake mkononi. Franka zisitoke mfukoni kabla waifai haijaonekana.