TAARIFA KWA WANACHAMA: SARATANI IHESABIWE MPAKA KATANI

Ndugu wanachama,

Mara nyingi tunasikia Kanda ya Ziwa inaongoza kwa saratani. Tuulize: imehesabiwaje? Penye watu wengi hapakosi wagonjwa wengi. Kipimo cha haki ni wagonjwa wapya kwa kila watu 100,000, umri ukizingatiwa. Tena mgonjwa asiyefika Ocean Road, Bugando wala KCMC mara nyingi haingii kwenye hesabu; anazikwa kimya. Takwimu ndogo si ushahidi wa afya njema.

Huku kaskazini saratani ya umio si ngeni. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vyenye joto kupita nyuzi 65 huenda vinaisababisha. Chai ipoe kwanza.

Msimamo wa tawi:
1. Halmashauri iandike kata anayotoka kila mgonjwa, na hesabu isomwe Baraza la Madiwani kila mwaka.
2. Ukiona chakula kinakwama kooni, wahi hospitali.
3. Mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapate chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Ni bure.

Asiyehesabiwa hatengewi bajeti.

Imetolewa na:
Katibu Mwenezi, Tawi la Olmotonyi