Tofauti ya Kabla na Baada Isitudanganye

Mtaalamu atakaye kujua kama mazoezi fulani hubadili ubongo wa mtu aliyepooza kwa kiharusi hugawa wagonjwa katika makundi mawili. Kundi moja hupewa mazoezi hayo, la pili matibabu ya kawaida. Wote hupigwa picha za ubongo kwa mashine ya MRI kabla ya jaribio na baada yake. Mpango huo ni mwema. Kasoro huingia katika hesabu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kundi la mazoezi limepanda kwa wastani wa alama 20, na kosa la makadirio ni alama 8. Kundi la pili limepanda kwa alama 10, kosa likiwa lile lile. Kwa desturi, ongezeko huhesabiwa kuwa la maana likifikia takriban mara mbili ya kosa lake. Kundi la kwanza limefaulu, la pili limeshindwa. Basi mtafiti hutangaza kwamba mazoezi yamefaa.

La hasha! Hajathibitisha hilo. Mgonjwa wa kiharusi aweza kupata nafuu hata bila mazoezi hayo. Ndiyo sababu kundi la pili likawekwa. Swali ni kama kundi moja limebadilika kuliko jingine. Tofauti ya mabadiliko hayo ni alama 10, na kosa lake, kwa kuwa latokana na makundi mawili, ni takriban 11. Tofauti imemezwa na kosa. Haina maana kwamba mazoezi hayafai, bali kwamba jaribio halijajibu.

Wala hili si kosa la wanagenzi. Mwaka 2011 Nieuwenhuis, Forstmann na Wagenmakers walieleza jinsi walivyopitia makala 513 za sayansi ya ubongo katika majarida matano mashuhuri. Kati ya makala 157 zilizokuwa na nafasi ya kukosea hivyo, 78 zilikwenda sawa na 79 zilikosea.

Wapo wasemao kwamba ulinganisho wa haki huhitaji wagonjwa wengi, na picha hizo ni ghali. Ni kweli. Lakini ghali zaidi ni jamaa kuuza mali yao kununua tiba isiyothibitishwa. Wahariri na wakatae makala isiyolinganisha mabadiliko ya makundi yenyewe kwa yenyewe. Na msomaji, kila aonapo picha ya ubongo uliong'aa, aulize kwanza: umebadilika kuliko nani?