Pima Kwanza, Ndipo Ubadilishe: Somo la Umeme katika Gari Kuukuu

Alfajiri ya mwezi wa Julai ukungu hutanda juu ya Kifungilo, na baridi ya milima ya Usambara huingia hata ndani ya chuma. Wakati kama huo ndipo gari kuukuu hudhihirisha udhaifu wake. Dereva huzungusha ufunguo, taa ndogo za mbele yake huwaka, mlio mmoja mfupi husikika chini ya boneti, kisha kimya. Watu huitwa, gari husukumwa hadi kwenye mteremko, nalo huwaka huku likishuka. Kila mmoja hurejea kwenye shughuli zake akiamini kwamba tatizo limekwisha. Kumbe tatizo halijaguswa hata kidogo.

Desturi ya kuegesha gari mteremkoni ili liwashwe kwa kusukumwa imezoeleka mno katika nchi ya milima, na kwa sababu hiyo watu wameacha kuiona kuwa ni hatari. Yafaa ikumbukwe kwamba katika magari mengi nguvu ya mguu kwenye breki husaidiwa na kifaa kinachotegemea injini inayozunguka. Injini ikiwa imezimika, msaada huo hwisha baada ya breki kukanyagwa mara chache tu, na pedali huwa ngumu. Aidha, gari ambalo betri yake hairudishiwi umeme huweza kupoteza taa zake usiku, katikati ya safari. Barabara ya kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo hushuka kadiri ya mita 1,000 kwa kona kali zisizohesabika. Lori la kabichi na karoti, au gari lililobeba mgonjwa, halipaswi kuteremka hapo likitegemea bahati.

Dawa inayotolewa mara nyingi ni moja: nunua betri mpya. Betri hununuliwa, gari huwaka kwa wiki moja au mbili, halafu ugonjwa hurudi. Baada ya hapo hununuliwa stata, kisha altaneta, na mwisho hulaumiwa gari lenyewe kwa uzee wake. Huku si kutafuta chanzo cha hitilafu. Ni kubahatisha kwa gharama kubwa. Gari lililokataa kuwaka limeuliza swali la fizikia, na swali hilo lina jibu linaloweza kupatikana kwa kupima. Jambo la kusikitisha ni kwamba maarifa yanayohitajika hufundishwa kila mwaka katika shule za sekondari, lakini mara nyingi huishia kwenye daftari.

Ichukuliwe hoja inayosikika kila siku: "Betri ni nzima, kwani taa zinawaka." Kanuni ya Ohm yatosha kuonyesha kasoro ya hoja hiyo. Taa ndogo ya wati 5 katika gari la volti 12 huvuta mkondo wa ampea 0.4 hivi. Stata, yaani mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha, huweza kuvuta ampea 200. Sasa ikadiriwe kwamba kuna kutu kwenye kiungo cha waya mnene unaotoka ncha hasi ya betri kwenda kwenye bodi ya gari, ule ambao mafundi huuita waya wa ethi, na kwamba kutu hiyo imeleta ukinzani wa omu 0.01 tu. Kwa mkondo wa taa, volti zinazopotea hapo ni 0.004, kiasi ambacho hakuna jicho litakaloona tofauti. Kwa mkondo wa stata, zinazopotea ni volti 2 kamili, na wati 400 hugeuka kuwa joto katika kiungo hicho kimoja. Kiungo ni kile kile, ukinzani ni ule ule, bali mkondo ndio uliotofautiana. Kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi kwamba betri ni nzima wala kwamba njia ya umeme ni safi.

Utaratibu wa kupima ni mfupi, na chombo chake ni voltimita, ambayo ni kifaa cha kawaida katika maabara ya fizikia. Vipimo vya kwanza ni vitatu, na vyote huchukuliwa kwenye ncha mbili za betri. Kwanza, gari likiwa limetulia kwa saa kadhaa, betri nzima iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.2 imebaki karibu nusu, na ikishuka kufikia 12.0 inakaribia kwisha. Pili, wakati stata inapozungusha injini, volti hushuka, lakini hazipaswi kushuka chini ya 9.6 hivi. Tatu, injini ikiwa imewaka na kuongezwa mwendo kidogo, volti zinatakiwa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4.

Namba hizo tatu hugawa swali kubwa kuwa maswali madogo. Betri ikiwa imejaa na volti zake zisishuke sana, huku stata ikizunguka kwa uvivu, njia ya umeme ndiyo ya kushukiwa. Ncha moja ya voltimita hushikizwa kwenye ncha hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha stata huzungushwa. Kipimo kikizidi nusu volti, mwizi amepatikana. Na dawa yake huenda ikawa kipande cha msasa na kukaza nati, wala si betri mpya. Betri ikiwa imejazwa vizuri, lakini volti zikaporomoka mara stata inapoguswa, hapo betri yenyewe imechoka, au stata inavuta mkondo uliozidi kiasi. Na ikiwa injini inanguruma huku voltimita ikibaki kwenye 12.2, betri haina kosa: ni mlishaji wake asiyelisha.

Mlishaji huyo ni altaneta, mashine izungushwayo na mkanda wa injini. Kabla ya kuing'oa, mkanda wenyewe uchunguzwe, kwa kuwa ukilegea huteleza. Ichunguzwe pia ile taa nyekundu ya betri mbele ya dereva. Katika magari mengi ya zamani, mkondo mdogo unaopita kwenye taa hiyo ndio unaoamsha sumaku ya altaneta. Taa ikiungua, altaneta nzima huweza kukaa bila kuzalisha umeme. Ni ajabu ya kisayansi kwamba kitaa kidogo namna hiyo huweza kuizuia mashine kubwa kufanya kazi.

Hapa panahitajika onyo. Wapo wanaopima altaneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inazunguka, ili waone kama itazimika. Mazoea hayo yalitoka katika enzi za dainamo. Land Rover za Series III, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1971, zilikuja na altaneta, na ndani ya altaneta mna daiodi zinazogeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu. Betri ikichomolewa ghafla, volti huruka juu na huweza kuziua daiodi hizo pamoja na vifaa vingine. Hivyo jaribio lililokusudiwa kugundua ubovu huwa ndilo linalouleta. Chombo kimebadilika, lakini mazoea hayakubadilika.

Hayo hayasemwi kuwadharau mafundi. Wengi wao husikia kwa sikio kile ambacho msomi hukitafuta kwa kalamu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, nchi ilipokosa fedha za kigeni na vipuri vikawa adimu, fundi hakuwa na anasa ya kubadilisha vitu kwa kubahatisha, alilazimika kufikiri. Leo vipuri vimejaa madukani, vizuri na vya bandia, na wingi huo umerahisisha uvivu wa kufikiri. Gharama yake haiishii mfukoni. Betri iliyotupwa kabla ya wakati wake ni kilo kadhaa za risasi na asidi zinazotafuta mahali pa kwenda. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa haki yao.

Itasemwa kwamba shule ya sekondari si gereji, na kwamba mambo haya yaachiwe wanafunzi wa amali. Ni kweli kwamba Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Lakini mikondo miwili isije ikazaa aina mbili za watu: wanaojua kanuni bila kugusa waya, na wanaogusa waya bila kujua kanuni. Itasemwa pia kwamba kazi ya boneti si ya wasichana. Kifungilo, ambayo inajulikana nchini kwa shule yake ya sekondari ya wasichana, ni mahali pafaapo kuikanusha kauli hiyo. Voltimita haiulizi jinsia ya aishikaye.

Kinachotakiwa si kikubwa: kipindi kimoja cha vitendo, gari lolote lililo karibu, dereva wake, na mwalimu. Gia iwe huru na breki ya mkono ikazwe. Moto usikaribishwe, kwa maana betri inayochajiwa hutoa haidrojeni. Na asidi iepushwe na macho na ngozi. Kila mwanafunzi aandike kwanza anachotarajia kuona, ndipo apime, kisha aeleze kwa nini namba zimetofautiana na matarajio yake. Siku moja atakuwa muuguzi, mkulima au mwalimu mahali penye mteremko mkali na baridi ya alfajiri. Gari litakapokataa kuwaka, kabla ya kuita watu wa kulisukuma, atauliza: volti ngapi?