Kaki Inamficha Nani?

Nguo ya kaki haikubuniwa kumficha mwindaji asionwe na swala. Ilibuniwa kumficha askari asionwe na askari wa upande wa pili. Ilianza miaka ya 1840, katika mpaka wa kaskazini-magharibi wa India ya Waingereza, pale kikosi kilichoitwa Corps of Guides kilipovalishwa nguo za rangi ya udongo mkavu. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 1914, wanajeshi wa Ufaransa waliingia vitani na suruali nyekundu, wakalipia urembo huo kwa damu. Mwaka uliofuata jeshi lao lilikuwa na kikosi kizima cha wasanii, kazi yao ikiwa kuficha mizinga kwa rangi. Kaki na mabakamabaka ni ndugu wa tumbo moja, na vyote viwili vilibuniwa dhidi ya jicho la binadamu.

Sasa niambie: mwindaji aliyevaa nguo iliyobuniwa kumficha mbele ya binadamu anajificha kwa nani, kama si kwa mwindaji mwenzake mwenye bunduki?

Nasoma shahada ya uzamili katika usimamizi wa wanyamapori, na kabla ya kila safari ya mafunzo tunapewa orodha ileile: kijani, kaki, kahawia, rangi kali marufuku. Mwaka jana mwenzetu mmoja alikuja na kizibao cha rangi ya chungwa, kile cha mafundi wa barabara. Akaamriwa akivue kabla hatujashuka kwenye gari. "Utatufukuzia wanyama," aliambiwa. Hakuna aliyeuliza ni wanyama gani, na kwa jicho lipi. Ajabu ni kwamba jibu limo katika somo tulilokwisha kufanyia mtihani.

Jicho la binadamu lina aina tatu za seli za kutambua rangi. Swala, nyati, pofu, tandala na jamaa zao wenye kwato wana aina mbili tu: moja ya bluu, nyingine ya kijani na manjano. Hawana ile inayotusaidia sisi kutenganisha nyekundu na kijani. Kwao chungwa na majani makavu ni majirani wa karibu sana. Vipimo vilivyofanywa miaka ya 1990 kwenye macho ya kulungu wa mkia mweupe wa Marekani vilionyesha hivyo hivyo. Anayetaka ushahidi usiohitaji maabara amtazame chui milia wa India. Ana rangi ya chungwa mwili mzima na anaishi kwa kunyatia wanyama wenye kwato. Kama chungwa lingekuwa linamwanika, angekuwa amekufa njaa zamani.

Rangi ambayo wanyama hao wanaiona vizuri ni bluu. Kwa hiyo jinzi ndiyo ingepaswa kuongoza orodha ya marufuku. Tena sabuni nyingi za unga zina viungio vya kung'arisha, ambavyo huifanya nguo irudishe mwanga wa bluu, na jicho la kulungu huupokea mwanga wa upande huo kuliko letu. Kaki iliyofuliwa ikang'aa inaweza kumsaliti mvaaji kuliko kizibao cha fundi wa barabara. Na kuna mbung'o. Wote tumeviona vitambaa vya bluu na nyeusi vilivyotundikwa kwenye miti hifadhini. Ni mitego, na inafanya kazi kwa sababu mbung'o huzikimbilia rangi hizo mbili.

Mnyama anachokishika haraka ni mwendo, harufu, na umbo la mtu lililosimama dhidi ya anga. Mfuatilia nyayo anayeijua kazi yake hakukagui shati. Anatikisa kimfuko cha majivu, anaangalia vumbi linakoelekea, kisha anakuzungusha upande wa pili wa kichuguu. Wazee walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Hawakusema simba mwenye rangi gani.

Nakubali mambo mawili. Ndege wanaona rangi kuliko hata sisi, hivyo anayemvizia bata au kanga ana haki ya kujificha kwa rangi. Na chungwa linalong'aa linaweza kuonekana kwa mnyama kama doa jepesi, ingawa halioni kuwa chungwa, ndiyo maana baadhi ya wawindaji hupenda kizibao chenye mabaka meusi juu yake. Hizo ni hoja za kuchagua kizibao vizuri. Hazitoshi kuwa hoja za kukikataa.

Wisconsin, jimbo la Marekani ambalo kila Novemba huwa na zaidi ya nusu milioni ya watu wenye bunduki msituni kwa siku tisa, lilikwisha kumaliza ubishi huu. Tangu 1980 mwindaji wa kulungu huko analazimika kuvaa chungwa linalong'aa kwenye angalau nusu ya nguo zake za juu ya kiuno. Mwaka 2016 pinki kali nayo ikaruhusiwa. Vifo vilipungua sana, na kuna misimu iliyopita bila mtu hata mmoja kuuawa kwa risasi. Si rangi peke yake iliyofanya hivyo, maana mafunzo ya lazima kwa wawindaji nayo yalichangia. Lakini kulungu wanaendelea kuwindwa kwa maelfu na maelfu. Hawakukimbia.

Sisi tunaijua hekima hii, ila tunaiacha barabarani. Dereva wa bodaboda havai riflekta apate kupendeza. Anaivaa ili dereva wa lori amwone kabla hajamfikia. Hakuna anayemwambia kwamba rangi ile inaharibu mandhari ya barabara ya Morogoro. Akiingia porini mtu yuleyule, tunamtaka avae kama jani.

Vikundi vyetu vya uwindaji havina mtu mmoja. Yupo mgeni aliyelipia, yupo mwindaji bingwa, yupo askari wa wanyamapori, wapo wafuatilia nyayo na wabeba mizigo. Anayetembea mbele, mbele ya mtutu, mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo. Nyati aliyejeruhiwa akiingia kichakani, ndiye anayetangulia kutafuta damu kwenye majani. Angalia picha za matangazo ya uwindaji: amevaa kijani iliyokoza, rangi ya kile kichaka anachokiingia. Nguo hiyo haimfichi kwa nyati, ambaye amekwisha kumnusa. Inamficha kwa mgeni aliye nyuma yake, ambaye moyo unamdunda na kidole kiko karibu na kifyatulio.

Kuna watakaosema mlinzi halisi ni nidhamu ya mpiga risasi, wala si kitambaa. Ni kweli, na watanitajia Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, ambaye Februari 2006 alimpiga mwenzake kwa bunduki ya marisau huko Texas, ilhali mwenzake huyo alikuwa amevaa chungwa. Lakini mkanda wa gari nao hauzuii kila kifo, na hatujaung'oa.

Hoja inayonitisha zaidi ni ya upande wa pili: rangi ikishakuwa sheria, lawama huweza kumhamia aliyepigwa. Mwaka 1988, katika jimbo la Maine, mwanamke mmoja aliuawa kwa risasi akiwa karibu na nyumba yake. Alikuwa amevaa glovu nyeupe, na mwindaji alisema aliona mkia wa kulungu. Walijitokeza watu wengi kusema kwamba mwanamke yule ndiye aliyekosea, kwa nini hakuvaa chungwa? Mwindaji alishtakiwa, na baraza la mahakama likamwona hana hatia.

Kwa hiyo niseme wazi wajibu huu ni wa nani. Si wa mama anayeokota kuni, wala wa mrina asali wa Tabora, wala wa mtoto anayetafuta uyoga miombo ikishanyeshewa. Hao wako kwao, na hawajabeba bunduki. Wajibu ni wa aliyebeba bunduki na wa anayepata faida kwa bunduki hiyo. Avae yeye, awavalishe na watu wake, na asiruhusiwe kamwe kumuuliza maiti alivaa nini.

Anayestahili kujificha kwa rangi porini ni askari wa doria dhidi ya majangili, kwa sababu anayemwinda ana jicho la binadamu. Ndiyo kazi ya mabakamabaka. Sheria yetu tayari inamkataza raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa wenye nguo hizo kuzisalimisha. Basi tumekwisha kukubali kwamba rangi ya nguo ni jambo la sheria. Tumeishia kutaja kisichovaliwa. Tumalizie na kinachopaswa kuvaliwa.

Ninachotaka hakizidi bei ya kizibao kimoja. Kibali cha kuwinda wanyama wenye kwato kiwe na sharti kwamba kila mtu katika kikundi, kuanzia mgeni hadi mbeba maji, avae chungwa kifuani, mgongoni na kichwani. Orodha za safari za mafunzo ziache kurithi woga wa askari wa karne ya 19. Na atakayekwambia kwamba utamfukuzia wanyama, mwombe akutajie mnyama mmoja mwenye kwato anayelitambua chungwa. Akishindwa, kivae kizibao chako na usikivue.